Mgawaji Ndiye Anachagua: Jinsi Poka Ilitoka kwa Matapeli Ikafika Jikoni

Wasee, wacha nianze na ile siku tulikaribia kupigana kwa sababu ya K.

Tulikuwa watu sita kwa nyumba ya beste yangu. Stima ilikuwa imepotea tangu saa kumi, bando zimeisha, kwa hivyo mtu akatoa kadi. Tukaanza poka. Na kama umekulia Kenya unajua poka yetu ni ipi: unalisha mtu na mbili ama tatu, unamruka na J, unarudisha na K, unauliza swali na nane ama Q, na ukikaribia kumaliza unatangaza "niko kadi". Mambo yalikuwa sawa mpaka jamaa mmoja akatupa K ya mwisho na kuinua mikono juu kama amefunga bao. Mwenzake akamwambia hapana, huwezi kumaliza na K. "Kwetu inamaliza." "Kwetu haimalizi." Dakika mbili baadaye walikuwa wameshikana mashati juu ya mchezo ambao hata haukuwa na shilingi moja ndani.

Shida ni kwamba wote wawili walikuwa sahihi. Mmoja alifunzwa Kayole, mwingine Likoni, na kila mtaa una sheria zake. Walikuwa wanacheza michezo miwili tofauti kwenye meza moja, na hakuna mtu aliyekuwa amesema kitu kabla kadi hazijagawanywa.

Nilipofika kwangu nikaanza kusoma juu ya ile poka nyingine, ya Wamarekani, ile ya kuweka pesa katikati na kukaza uso. Nikapata kwamba hawa watu walikumbana na vita vyetu vya K zamani sana, na dawa yao ilikuwa rahisi mpaka nikacheka: mgawaji ndiye anachagua.

Inaenda hivi. Mko watano ama sita mezani. Kila mtu anagawa kwa zamu. Ikifika zamu yako, wewe ndiwe unataja mchezo utakaochezwa raundi hiyo. Unasema sheria zote kwa sauti: kila mtu anapata kadi ngapi, zipi zinafunuliwa na zipi zinafichwa, kiingilio ni ngapi, mtu anaweza kuongeza mpaka wapi. Asiyeelewa anauliza. Halafu ndio unagawa, na ukishagawa hakuna kubadilisha. Raundi ikiisha, kadi zinaenda kwa jirani wako wa kushoto, na yeye anachagua wake. Mchezo wako ukiwa wa kipuzi, watu wanauvumilia raundi moja tu.

Ni mtindo wa kucheza nyumbani na marafiki, wala si kitu cha kasino. Na historia yake ina kitu ambacho kizazi chetu, chenye simu mkononi na ndege ya kubeti ikipaa kwenye skrini, kinafaa kusikia.

MCHEZO WA MATAPELI

Poka ilizaliwa Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, pande za New Orleans na mto Mississippi. Ilikuwa na ndugu Ulaya: Wafaransa walikuwa na mchezo wa poque, Wajerumani walikuwa na Pochen. Kwa michezo hiyo yote unaweka pesa juu ya kadi ambazo wenzako hawazioni, na unaruhusiwa kujifanya una kubwa kuliko ulizo nazo.

Mmoja wa watu wa kwanza kuandika kwamba ameiona ni Joe Cowell, mwigizaji Mwingereza aliyekuwa kwenye meli ya mvuke kuelekea New Orleans mwezi wa Desemba 1829. Kitabu chake kilitoka 1844. Wakati huo poka ilitumia kadi 20 tu, kuanzia kumi mpaka ree, ile kadi yenye A. Piga hesabu: watu wanne, kila mtu kadi tano, zimeisha. Hakuna kubadilisha kadi, hakuna kitu kimebaki. Unaangalia ulichopewa, unaweka pesa, unaomba Mungu.

Sasa fikiria huo mchezo ndani ya meli. Abiria wana pesa za pamba na za mifugo, safari ni ya siku kadhaa, na mezani amekaa mtu mwenye suti nzuri ambaye kazi yake ni kupanda na kushuka huo mto akicheza kadi. Jonathan Green, aliyekuwa mcheza kamari kisha akaokoka na kuanza kufichua siri zao, aliandika juu ya mchezo huu mwaka 1843. Aliuita mchezo wa udanganyifu.

Kwenye meli hizo hizo kulikuwa na mchezo wa kadi tatu ambao wewe unaujua vizuri sana kama umewahi kupita stendi ya matatu na nauli mkononi. Naam, pata potea. George Devol, aliyekula jasho la watu kwenye mto huo kwa miaka mingi, alichapisha kitabu mwaka 1887 akijisifu waziwazi jinsi alivyowaosha abiria. Hakuona aibu hata kidogo.

Watu wa nchi kavu walichoka nao mapema. Mwezi wa Julai 1835, wakazi wa mji wa Vicksburg, jimbo la Mississippi, waliwanyonga wacheza kamari watano. Hakukuwa na kesi wala hakimu. Sisemi walifanya vizuri, nasema uone hasira ilikuwa imefika wapi.

Kwa nini matapeli walifaulu hivyo? Mtu ambaye hutamwona tena ndiye anashika kadi, na sheria anazijua yeye kuliko wewe. Ukigundua umeliwa, yeye ameshashuka bandari iliyopita.

Shika hayo mawili, tutayarudia.

KISU KINACHOZUNGUKA MEZA

Kuanzia miaka ya 1830 watu walianza kutumia kadi zote 52. Hapo mchezo ukafunguka. Watu zaidi wangeweza kukaa mezani, na zile kadi zilizobaki zikaleta wazo la kutupa mbaya na kuchukua nyingine. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliwakusanya vijana kutoka kila jimbo kwenye kambi, na usiku kambini mnafanya nini? Mnacheza kadi. Wakati huo ndipo aina mpya zilisambaa, kama ile ambayo baadhi ya kadi zako ziko wazi kila mtu azione na nyingine ziko kifudifudi.

Vita vilipoisha, waliobaki hai walirudi makwao na mchezo wakaubeba. Sasa poka haikuwa tena ya meli peke yake. Ilikuwa ya ghala, ya nyuma ya duka, ya meza ya jikoni. Na tofauti kubwa ikawa hii: unacheza na watu ambao kesho utakutana nao kanisani.

Watu wanaojuana huanza kujilinda. Kugawa kukawa kwa zamu, kwa sababu mtu mmoja akigawa usiku mzima, hata akiwa msafi, mtamshuku tu. Kabla ya kugawa, jirani anakata kadi. Na ili watu wasibishane zamu ni ya nani, kitu fulani kiliwekwa mbele ya mgawaji, kisha kikasogezwa kwa anayefuata.

Inasimuliwa kwamba kitu hicho mara nyingi kilikuwa kisu chenye mpini wa pembe ya kulungu dume, na kulungu dume kwa Kiingereza ni buck. Kama hutaki kugawa, unasukuma kisu kwa jirani. Ndiyo maana mpaka leo Mmarekani anayekwepa jukumu husemwa amepitisha buck. Rais Harry Truman, aliyeingia madarakani 1945, aliweka kibao mezani kwake Ikulu kikisema buck inaishia hapo, yaani hakuna wa kumsukumia lawama. Kibao hicho kilitengenezwa kwenye gereza la El Reno, Oklahoma. Rais wa nchi kubwa duniani alichukua lugha ya uongozi kutoka kwa meza ya kadi, na hakuwa anajifanya, maana alikuwa mcheza poka kweli kweli.

Ukiwa na kisu una mamlaka, ila mamlaka yako ni ya raundi moja, na kila mtu anaona umeyashika. Kutoka hapo mpaka kumruhusu mwenye kisu achague mchezo si mbali.

JAKPOTI ILIANZIA HAPA

Najua neno hili unalijua. Unaliona kwa mabango, unalisikia kwa redio, mjomba wako ana mkeka wake kila wikendi. Lakini jakpoti haikuzaliwa na kampuni yoyote ya kubeti. Ilizaliwa kwa meza ya poka kama sheria ya nyumbani.

Kufikia miaka ya 1870 wachezaji wa ile poka ya kubadilisha kadi waliweka sharti moja: hakuna kufungua mchezo kama huna angalau jozi ya J. Mtu akifungua bila kuwa nazo, amevunja sheria. Na kama mezani hakuna mtu hata mmoja mwenye J mbili, kadi zinakusanywa, kila mtu anaongeza kiingilio kingine, mnagawa upya. Raundi ikirudiwa mara tatu, nne, rundo la katikati linanenepa. Hilo rundo ndilo jackpot, rundo la J.

Wazee wengi wa poka wa wakati huo waliichukia sheria hii. Walisema inaharibu mchezo kwa sababu inakulazimisha uwe na kadi kabla ya kuwa na ujasiri. Wengine waliipenda. Waliamuaje? Kwa meza fulani ilikuwa sheria, kwa meza nyingine haikuwa, na kwa meza zenye busara mgawaji alisema mapema: raundi hii ni ya jakpoti.

Angalia pesa za hiyo jakpoti zilitoka wapi na zikaenda wapi. Zilitoka mifukoni mwa watu watano walioko kwenye chumba, na zikaingia mfukoni mwa mmoja wao. Hakuna hata senti iliyotoka nje ya mlango. Sasa linganisha na unayoiona kwa bango.

Karibu wakati huohuo, balozi wa Marekani London, Robert Schenck, aliombwa na wenyeji wake matajiri awaandikie sheria za poka. Akaziandika, zikachapishwa, Waingereza wakaanza kucheza. Kwenye karatasi alikuwa mtu wa sheria safi kabisa. Lakini balozi huyo huyo aliweka jina lake kwenye mgodi wa fedha wa Emma, huko Utah, Waingereza wakanunua hisa, mgodi ukawa bure, watu wakapoteza pesa, na mwaka 1876 akaacha kazi. Mezani alikuwa mwalimu, na pesa kubwa zikaliwa mahali ambapo wanunuzi hawakuweza kuona kadi. Matapeli wakubwa huwa hawaketi nawe kwenye meza ndogo.

JIKONI, NA KADI KINYONGA

Karne ya 20 ilipoanza, poka ya nyumbani ilikuwa sehemu ya maisha ya Mmarekani wa kawaida. Zile picha za mbwa wakicheza poka, ambazo labda umeziona kwa mtandao ukidhani ni za juzi, zilichorwa na Cassius Marcellus Coolidge, na alianza kuzichora kwa kampuni ya matangazo mwaka 1903. Miaka ya 1920, waandishi wa New York waliokutana hoteli ya Algonquin walikuwa na kikundi chao cha poka cha kila wiki. Tennessee Williams alipokuwa akiandika mchezo wa kuigiza wa 1947 uliokuja kuitwa A Streetcar Named Desire, kuna wakati aliuita The Poker Night, usiku wa poka.

Huko jikoni, mbali na kasino, ndiko mgawaji alipewa uhuru na akautumia vibaya kwa raha zake. Watu walianza kubuni michezo. Kuna ule wa kupata kadi saba halafu unampa jirani zile mbaya, kwanza tatu, kisha mbili, kisha moja, huku na wewe unapokea takataka za mwingine. Kuna ule wa kuweka kadi moja kwenye paji la uso bila kuiangalia, kila mtu anaiona isipokuwa wewe. Jaribu huo siku moja, utacheka mpaka mbavu ziume.

Lakini nataka tuangalie mmoja uitwao Baseball, kwa jina la mchezo wa besiboli. Kila mtu anapata kadi saba kwa awamu: mbili za siri, nne za wazi, ya mwisho ya siri, na baada ya kila kadi ya wazi mnaweka pesa. Mwishoni unachagua tano bora. Hapo ni kawaida. Utamu ni huu: tatu zote na tisa zote ni kadi kinyonga, zinageuka kuwa kadi yoyote unayotaka. Na ukipata nne ikiwa wazi, unaongezewa kadi moja ya bure. Kwa nini namba hizo? Kwa besiboli, mpigaji akikosa mara tatu ametoka, mchezo una vipindi tisa, na ukirushiwa mipira minne mibaya unatembea bure mpaka kituo cha kwanza. Mtu aliyebuni mchezo huu alichukua kitu ambacho kila mtu mezani alikuwa anakipenda akakigeuza kuwa sheria. Kwetu angeweka kadi 14 kwa ajili ya mathree.

Wachezaji wakali huwa wanaidharau Baseball. Wanasema ni ya watoto, kwa sababu vinyonga vikijaa, jozi mbili za kawaida hazina maana tena. Na hapa hesabu inaingia kwa njia ambayo ilinishangaza.

Ukitumia kadi 52, kuna mikono 2,598,960 ya kadi tano. Kati ya hiyo, mikono 123,552 ina jozi mbili, na 54,912 ina tatu za aina moja. Kitu adimu ndicho kikubwa, kwa hivyo tatu za aina moja inashinda jozi mbili. Sawa. Sasa ongeza kinyonga kimoja tu, joka moja. Mtu mwenye jozi moja na joka ataifanya joka kuwa ya tatu, kwa sababu inashinda. Tatu za aina moja zinaruka mpaka 137,280, na jozi mbili zinabaki pale pale, 123,552. Mkono mkubwa sasa ni rahisi kupata kuliko mdogo!

Utasema basi tugeuze, jozi mbili ishinde. Haya. Ukigeuza, yule yule mwenye jozi na joka ataitumia joka kutengeneza jozi ya pili. Sasa jozi mbili ni 205,920 na tatu za aina moja zinarudi 54,912. Umeharibu tena. Hakuna namna ya kupanga mikono hiyo miwili ikawa sawa na hesabu.

Niliposoma hiyo nikamkumbuka yule jamaa na K yake. Tulikuwa tunabishana kana kwamba mahali fulani mbinguni kuna sheria ya kweli ya kadi. Haipo. Kuna makubaliano tu. Na makubaliano yana wakati wake, nao ni kabla ya kugawa, wakati hakuna mtu anayejua ni nani atafaidika.

MARAIS WAWILI

Mwezi wa Machi 1946, Truman alikuwa kwenye gari moshi na Winston Churchill, wakielekea Fulton, Missouri, ambako Churchill alitoa hotuba yake maarufu kuhusu pazia la chuma. Njiani walicheza poka. Churchill, mtu aliyeongoza Uingereza kwenye vita vya dunia, alipoteza pesa. Kusoma uso wa Mmarekani mezani ilikuwa kazi nyingine kabisa. Truman mwenyewe alipenda hiyo michezo ya vinyonga ambayo wakali wanaidharau.

Wa pili ni mtu wetu, au tuseme nusu yetu, maana baba yake alitoka Nyanza. Barack Obama alipoingia seneti ya jimbo la Illinois mwaka 1997, alikuwa mgeni pale Springfield, na wengi walimwona kama msomi wa Harvard anayejisikia. Yeye na seneta mwenzake Terry Link wakawa na usiku wa poka. Waliuita mkutano wa kamati. Kiingilio dola moja, na huwezi kuongeza zaidi ya dola tatu. Walikaa hapo maseneta wa vyama vyote viwili pamoja na watu wa kushawishi bunge. Obama alicheza kwa uangalifu sana, anatupa kadi mbaya bila huruma. Mwenzake mmoja, Larry Walsh, mkulima wa mahindi, alimtania kwamba angelegeza kidogo kwa kadi na kukaza kidogo kwa siasa wangeelewana vizuri zaidi. Mwaka 2007, akigombea urais, aliulizwa kipaji chake kilichofichika. Akataja poka.

Kwa dola moja hupati utajiri. Unapata kuwajua watu. Unaona nani anakasirika akishindwa, nani anasema ukweli juu ya sheria zamu yake ikifika, nani anaongeza kanuni katikati ya mchezo. Hiyo ni habari ambayo hutaipata kwa mahojiano ya kazi.

ZAMU ISIYOKUFIKIA

Sasa kwa nini poka ambayo dunia inaijua leo ni moja tu, ile ya Texas Hold'em? Huo mchezo ulianzia Texas mwanzoni mwa karne ya 20, na bunge la jimbo hilo lilitambua rasmi mji wa Robstown kama mahali ulipozaliwa, mwaka 2007. Ulifika Las Vegas miaka ya 1960. Mwaka 1970 mashindano ya dunia ya poka yakaanza kwenye kasino ya Binion's Horseshoe. Mwaka 2003 mhasibu wa kawaida kutoka Tennessee, Chris Moneymaker (na hilo ni jina lake la kweli), aliingia kupitia shindano dogo la mtandaoni na akaondoka na dola milioni 2.5. Baada ya hapo kila kijana mwenye kompyuta alitaka kuwa yeye.

Kwa kasino, mchezo mmoja unaojulikana na kila mtu ni biashara nzuri. Unaenda haraka, na kila rundo kasino inakata sehemu yake. Lakini angalia kilichotokea kwa mgawaji. Kwa kasino anayegawa ni mfanyakazi. Mbele ya wachezaji kunazunguka kidude cha duara cha plastiki kuonyesha ingekuwa zamu ya nani kama ungekuwa unagawa kweli. Ni kile kisu cha pembe, ila hakichagui tena mchezo.

Kwa simu ni mbaya zaidi, hata kidude hakipo. Ile ndege inapaa, inaanguka, na aliyeandika programu hajakaa na wewe mezani. Sheria ameziweka yeye, anagawa yeye, kila raundi, leo na kesho, na zamu yako haifiki kamwe. Kumbuka yale mambo mawili ya meli: anayeshika kadi ni mtu ambaye hutamwona, na mchezo anaujua yeye kuliko wewe. Tumerudi 1829, ila sasa meli iko mfukoni.

Nasema hivi kwa sababu ya beste yangu mmoja, jina naliacha. Alibeti karo ya semista nzima kwa usiku mmoja, peke yake, chini ya blanketi, mwangaza wa simu ukiwa chini kabisa ili rumeti asiamke. Alipoteza yote kabla ya saa kumi alfajiri. Sisi tulijua baada ya miezi miwili, alipoacha kuja darasani. Kitu kinachoniuma si pesa peke yake. Ni kwamba hakukuwa na mtu hata mmoja pale wa kumwambia, "Buda, imetosha, enda ulale." Angekuwa anapoteza mbele yetu tungemwona uso. Angepoteza mia mbili, tungemcheka, tungemnunulia chapati.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Meza ya marafiki inaweza kukula, lakini haikumalizi.

Sitaki mtu aseme nimewaambia vijana wacheze kamari. Poka ya pesa ni kamari hata ikichezwa jikoni, na kuna nyumba ambazo dini imesema hapana, na hiyo ni sheria ya nyumba, iheshimu. Pia marafiki wameharibiana urafiki kwa mia tano. Kwa hivyo chezeni na maharagwe, ama vifuniko vya soda. Mchezo ni ule ule. Nimeona mtu akitetemeka juu ya maharagwe kumi na mbili kama ni shamba la babu yake.

Lakini ule utaratibu uchukue. Kadi zizunguke, kila mtu agawe. Mwenye zamu aseme sheria zote kwa sauti kabla ya kadi ya kwanza kutoka. Kikomo kiwekwe mapema, na saa ya kumaliza pia. Asiyeelewa aulize bila kuchekwa. Na ukiona mahali popote, kwa simu ama kwa siasa ama kwa chama cha akina mama, mtu mmoja ndiye anagawa kila raundi na sheria unazisikia baada ya kushindwa, amka hapo.

Jumamosi iliyofuata tulikutana tena. Kabla ya kuanza, yule wa Likoni aligawa wa kwanza. Akainua K juu na kusema, "Raundi hii inamaliza." Yule wa Kayole akaitikia, "Sawa. Yangu ikifika haimalizi." Tukacheza mpaka saa sita usiku na hakuna shati iliyoshikwa.

Wewe je, kwenu K inamaliza ama haimalizi? Niambie, na useme mtaa.